Pachi, benki na kontrola za MIDI: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umetokana na maswali ninayoulizwa na wapiga vinanda wa kwaya, wanamuziki wa taarabu na vijana wanaotengeneza biti vyumbani mwao. Mengi huingia WhatsApp usiku, na huanza vilevile: "Fundi, nimekwama." Utaniona mara nyingi nikirudia jambo moja, kwamba kifaa cha MIDI (lugha ya maagizo ambayo vinanda na kompyuta huzungumziana) hukumbuka agizo la mwisho lililokifikia na hakijui lolote jingine kuhusu wimbo wako. Nimelirudia makusudi.

Faili la MIDI lina sauti ndani yake?

Halina. Lina maagizo tu: bonyeza noti hii kwa nguvu hii, iachie, badilisha pachi, kanyaga pedali. Sauti inatengenezwa na kifaa kinachoyapokea maagizo hayo. Ndiyo maana wimbo mzima wa dakika nne unaweza kuwa na makumi machache tu ya kilobaiti, wakati dakika moja ya WAV ya stirio kwa ubora wa CD inakula karibu megabaiti 10. Na ndiyo maana wimbo uliokuwa mtamu kwenye kinanda chako unageuka kama mlio wa simu ya zamani ukiufungua kwenye kompyuta ya ofisini. Windows ina sinthesaiza yake ndogo ya ndani, Microsoft GS Wavetable Synth, yenye sauti za Roland za miaka ya 1990. Maagizo ni yaleyale, mtekelezaji amebadilika.

Pachi, programu, toni, voisi: ni vitu vinne au kimoja?

Kwa kazi yetu ni kimoja: sauti iliyokwisha kutengenezwa na kuhifadhiwa kwa namba yake. Jina "pachi" ni la enzi za sinthesaiza kubwa kama kabati, ambazo fundi alizipatia sauti kwa kuchomeka waya kutoka tundu hili kwenda tundu lile. Yamaha wanasema voisi, Roland toni, Korg programu. Mimi nimeshika "pachi" kwa sababu neno "programu" limeshachukuliwa na kompyuta. Ukimwambia mtu "badilisha programu" atafunga Cubase na kufungua FL Studio, zote za kutengenezea muziki.

Agizo lenyewe la kubadilisha pachi lina baiti mbili tu. Ya kwanza inataja kazi na chaneli (njia mojawapo kati ya 16, kila chombo na yake), ya pili inataja namba kuanzia 0 hadi 127. Neno "piano" halisafiri popote kwenye waya. Likionekana kwenye skrini, ujue programu yako imelisoma kwenye orodha yake yenyewe, na orodha hiyo inaweza kuwa haihusiani kabisa na kinanda kilichounganishwa.

Nimeandika namba iliyo kwenye kitabu, mbona imetoka sauti nyingine?

Hapa nina kisa changu. Mwalimu mmoja wa kwaya aliniletea wimbo wenye utangulizi wa ilimba, ile ya Wagogo. Siku hiyo mpigaji hakuwepo, tukakubaliana tuweke kalimba, ndugu yake, ya General MIDI (orodha ya pamoja ya sauti, nitaieleza hapa chini) ili kushikilia nafasi. Kwenye orodha kalimba ni ya 109. Nikaandika 109, nikacheza. Likatoka zumari la Scotland, lile la mfuko wa ngozi, kwa sauti yote. Mwalimu alivua miwani, akaifuta taratibu, akasema: "Fundi, huu wimbo ni wa Dodoma."

Kosa ni la kuhesabu. Ndani ya waya pachi huhesabiwa kuanzia 0, lakini orodha nyingi zilizochapishwa huanza na 1, kwa kuwa binadamu hatuhesabu mbuzi kuanzia sifuri. Kalimba ni ya 109 kwenye karatasi na 108 kwenye waya. Programu yangu ilikuwa inahesabu kuanzia 0, kwa hiyo 109 yangu ilikwenda kama ilivyo na ikaangukia kwa jirani, wa 110, ambaye ndiye huyo wa Scotland. Kinyume chake hutokea pia: orodha ikianzia 0 na programu ikianzia 1, ukitafuta tarumbeta, ambayo ni ya 57 kwenye karatasi na 56 kwenye waya, unapata ile sauti ya okestra nzima kugonga mara moja. Kwenye wimbo wa mazishi haifurahishi.

Kipimo chepesi: jaribu kuandika 128. Programu ikikubali, inahesabu kuanzia 1. Ikigomea kwenye 127, inaanzia 0. Kisha fungua kitabu cha kinanda utazame piano ya kwanza imepewa namba gani. Fanya hivyo mara moja, andika jibu kwenye kipande cha karatasi, libandike pembeni ya skrini.

(Ilimba halisi tuliirekodi wiki iliyofuata. Kalimba ya kwenye mashine imetuniwa kama piano na haikai sawa na waimbaji waliozoea chombo chenyewe.)

General MIDI ni nini hasa?

Ni makubaliano ya mwaka 1991 kwamba pachi 128 za msingi zifuatane kwa mpangilio mmoja kila mahali: piano mwanzoni, gitaa kuanzia 25, besi kuanzia 33, tarumbeta 57, filimbi 74, na kadhalika. Kabla ya hapo namba 1 ingeweza kuwa piano kwa huyu na ngurumo kwa yule. Makubaliano yanahusu aina ya chombo tu, hayahusu utamu wake.

Benki ni nini, na kwa nini ina namba mbili?

MIDI ilipotoka mwaka 1983, sauti 128 zilionekana nyingi kupita kiasi. Kufika vinanda vyenye sauti mia saba, ikabidi pachi zipangwe kwenye mafungu, na kila fungu ndiyo benki. Benki huchaguliwa kwa kontrola mbili: namba 0 inabeba sehemu kubwa ya namba ya benki, namba 32 inabeba sehemu ndogo. Kwenye vitabu vya vinanda utaziona zimeandikwa MSB na LSB. Kila moja inakwenda 0 hadi 127, kwa hiyo benki zinaweza kufika 16,384, na pachi zaidi ya milioni mbili. Sijaona kinanda kilichojaza hata robo yake.

Tatizo ni kwamba watengenezaji hawakuzitumia kwa namna moja. Roland, katika mfumo wao wa GS, waliweka aina mbalimbali za sauti ileile kwenye sehemu kubwa, yaani kontrola 0. Yamaha, katika XG ya mwaka 1994, sauti za kawaida waliziachia sehemu kubwa ikiwa 0 na kuzitofautisha kwa sehemu ndogo, kontrola 32; ngoma wakazipa sehemu kubwa ya 127. General MIDI 2 ikaja na yake: 121 kwa vyombo vya kuimba, 120 kwa ngoma. Kwa hiyo faili lililotengenezwa kwa Roland likifika kwenye Yamaha, kinanda kinaweza kupuuza benki na kukupa sauti ya msingi, au kikatoa kitu kisichoeleweka, au kikanyamaza. Hakijaharibika. Kimeambiwa jambo kwa lahaja ya nyumba nyingine.

Programu yangu ina kisanduku kimoja tu cha benki. Niandike nini?

Zidisha sehemu kubwa kwa 128, kisha ongeza sehemu ndogo. Kinanda kikisema MSB 0 na LSB 112, andika 112. Kikisema 127 na 0, andika 16256. Kikisema 121 na 0, andika 15488. Baadhi ya programu za zamani, Cakewalk ikiwemo, hukuuliza pia kifaa chako kinataka kontrola 0 peke yake, 32 peke yake au zote mbili. Kama huna uhakika, chagua zote mbili.

Nimetuma benki lakini hakuna kilichobadilika.

Kwa sababu benki haibadilishi sauti. Inafungua kabati tu. Kinachotoa nguo ni agizo la pachi. Utaratibu ni huu na haupinduki: kontrola 0, kontrola 32, halafu pachi, zote kwenye chaneli moja. Hata kama pachi unayoitaka ina namba ileile ya ile inayolia sasa hivi, lazima uitume tena.

Na upande wa pili wa jambo hilo ndio unaowatesa watu. Ukituma pachi bila benki, kifaa kitaitafuta kwenye kabati la mwisho lililofunguliwa, hata kama alilifungua mtu mwingine kwa wimbo mwingine saa tatu zilizopita. Ndiyo ile "asubuhi ilikuwa sawa, jioni imekataa". Mpiga kinanda wa ibada ya kwanza ameacha benki ya ogani, wewe wa ibada ya pili unatuma pachi 1 ukitarajia piano.

Angalia pia maagizo matatu yasikae kwenye nukta moja ya muda. Programu nyingine huyapanga upya yakiwa pamoja, pachi ikatangulia benki. Yaachanishe kwa tiki chache, yaani vile vipande vidogo vya muda ambavyo programu hugawia kila pigo. Kwenye wimbo wa kasi 120 wenye tiki 480 kwa pigo, tiki moja ni kama milisekunde moja, hakuna sikio litakalogundua.

Naweza kuona majina badala ya namba?

Unaweza, ukiipa programu orodha ya kinanda chako. Cakewalk hutumia mafaili ya .ins. Cubase na Logic zina sehemu zao za kuandika majina. Reaper hutumia faili la maandishi matupu lenye mwisho wa .reabank, ambalo unaweza kuliandika mwenyewe kwa Notepad:

Bank 0 112 Kinanda cha kwaya
0 Piano kubwa
16 Ogani
48 Nyuzi za taratibu

Mstari wa kwanza una sehemu kubwa, sehemu ndogo na jina la benki. Inayofuata ni namba za pachi, zikihesabiwa kuanzia 0. Namba za hapo juu ni mfano. Zako zimo kwenye kurasa za mwisho za kitabu cha kinanda, zile ambazo kila mtu huziruka. Niliandika orodha kama hii jioni moja ya mvua umeme ukiwa umekatika, laptopu ikiwa na asilimia 40, na nimeitumia miaka. Huhitaji sauti zote. Weka thelathini unazozitumia.

Kontrola ni kitu gani? Ni kile kibodi kidogo cha USB?

Neno hili limebeba mizigo miwili. Madukani, kontrola ni kifaa unachokishika: kibodi kisicho na sauti yake, au kisanduku cha vitufe na slaida. Ndani ya MIDI, kontrola ni namba. Kila agizo la kontrola lina baiti tatu: chaneli, namba ya kontrola, na thamani ya 0 hadi 127. Kitufe cha mkononi kinatuma namba. Namba inafanya kazi. Nikisema "kontrola 7" nazungumzia namba.

Zipi nizijue kwa kichwa?

Namba 1 ni gurudumu la mtetemo. 7 ni sauti ya chaneli, 10 ni kushoto na kulia, 11 ni kupanda na kushuka kwa sauti kwa hisia za mpigaji, 64 ni pedali ya kushikilia. 91 hupeleka sauti kwenye mwangwi wa ukumbi na 93 kwenye korasi, ile inayofanya sauti moja isikike kama nyingi. Kwenye sinthesaiza ongeza 74, inayofungua na kufunga mng'ao wa sauti. Tatu za kuokoa maisha ni 120, inayozima kila mlio papo hapo, 121, inayorudisha kontrola mahali pake, na 123, inayoachia noti zote. Zilizobaki utazitafuta siku ukizihitaji.

Pedali ina ujanja wake: namba 64 ni ya kuwasha na kuzima, ingawa inabeba 0 hadi 127. Chini ya 64 ni kuachia, 64 na kuendelea ni kukanyaga. Vinanda vya bei kubwa husoma nusu pedali, vingi havisomi.

Tofauti ya 7 na 11 ni nini? Zote si zinapandisha sauti?

Swali zuri kuliko yote kwenye ukurasa huu, na jibu lake ndilo linalotenganisha kazi iliyokaa na kazi inayopigana. Kontrola 7 ni ya fundi mitambo: umeamua ogani ikae chini ya waimbaji, unaweka 7 mara moja na kuondoka. Kontrola 11 ni ya mpigaji: hapa anavuta, hapa anashusha kwa neno "Amina", hapa anapanda tena. Kifaa huchanganya zote mbili. 11 hufanya kazi ndani ya dari lililowekwa na 7.

Ukichora mipando na mishuko kwa 7, utaipenda siku hiyo. Kesho mwalimu akisema nyuzi zimezidi, itabidi ushushe nukta mia mbili moja moja, au uzikamate zote na kuvuruga mwinuko ulioutengeneza. Ukiichora kwa 11, unagusa 7 moja tu ya mwanzo na kila kitu kinashuka pamoja.

Kumbuka pia kwamba thamani haishuki kama unavyodhani. Katika vifaa vinavyofuata pendekezo la General MIDI, 7 ikiwa 64 sauti iko karibu desibeli 12 chini ya 127, si "nusu" kwa sikio la kila mtu. Kifaa cha General MIDI kikiwashwa huanza na 7 ikiwa 100 na 11 ikiwa 127. Acha hivyo mpaka uwe na sababu.

Noti imeng'ang'ania, hainyamazi.

Mara tisa kati ya kumi ni pedali. Umekata kipande cha rekodi pale mpigaji alipokuwa amekanyaga, agizo la kuachia limebaki kwenye kile ulichokitupa. Kifaa bado kimekanyaga, na kitakanyaga mpaka kesho. Weka kontrola 64 yenye thamani 0 mwanzoni mwa kipande kinachofuata. Kwa sasa hivi, programu nyingi zina kitufe cha dharura, mara nyingi kimeandikwa "Panic" au "All Notes Off". Kisipotosha, tuma 120. Kuzima kinanda kwenye ukuta kunatibu pia, ila waumini watageuka kukutazama.

Nikianza kucheza katikati ya wimbo, sauti ni nyingine kabisa.

Pachi iliwekwa mwanzoni, wewe umeruka hadi ubeti wa tatu, agizo halijapita. Kwenye mipangilio ya programu tafuta kipengele kinachoitwa "chase": kabla ya kuanza kucheza, kinarudi nyuma kutazama pachi na kontrola za mwisho zilikuwa zipi, kisha kinazituma. Hakikisha kimewashwa kwa pachi na kwa kontrola pia, maana programu nyingine huvitenga.

Basi wimbo ufunguliwe vipi ili usitegemee bahati?

Mimi huacha baa moja tupu mwanzoni. Ndani yake, kwa kila chaneli, ninaweka kwa kufuatana: 121 yenye thamani 0, kisha 0, 32, pachi, 7, 10, 11, 91, na 64 yenye 0, nikiziachanisha kwa tiki chache. Chaneli nazo sizirundiki pamoja, maana vinanda vya zamani huchukua muda kupakia sauti, na noti ya kwanza ikifika kabla hakijamaliza itamezwa. Wimbo wenyewe unaanza baa ya pili. Wanaopenda kila kitu kianze kwenye 1.1, baa ya kwanza pigo la kwanza, hukereka. Lakini nimeshakaa kwenye jukwaa la harusi, kinanda cha kukodi, wimbo ukafunguka na sauti za bendi iliyotangulia, na bwana harusi yuko mlangoni. Tangu siku hiyo baa tupu haijanitoka.

Ukibadilisha pachi katikati ya wimbo, ipeleke kwenye pumziko la chombo hicho, nusu baa kabla ya noti yake. Vifaa vingi hukata mkia wa sauti ya zamani mara vinapopokea pachi mpya. Kama mkia unauhitaji, usibadilishe pachi. Weka sauti ya pili kwenye chaneli nyingine. Ziko 16.

Melodi yangu inatoka kama ngoma zinazoanguka ngazini.

Uko chaneli ya 10, ambayo General MIDI imeitengea ngoma. Hapo kila noti ni chombo chake: 36 besi dramu, 38 sineya, 42 haihati iliyofungwa, 63 konga ya juu iliyo wazi, 64 ya chini. Agizo la pachi kwenye chaneli hiyo hubadilisha seti nzima ya ngoma. Hamisha melodi chaneli nyingine.

Hapohapo angalia majina ya oktava. Noti 60, do ya katikati, Yamaha huiita C3, wengine C4, na FL Studio huionyesha kama C5. Mtu akikutumia ramani ya ngoma kwa majina, mwombe namba.

Nataka robo toni za taarabu. MIDI inaweza?

Inaweza, kwa kazi. Noti za MIDI zina hatua kumi na mbili za piano. Kwenye maqamu (ngazi za muziki wa Kiarabu) kama Bayati, ukianzia D, E inakaa katikati ya E na E-flati, na hakuna namba ya noti kwa ajili yake. Vinanda vingi vinavyouzwa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu vina vitufe vya kushusha noti robo toni, lakini kitufe hicho mara nyingi kinafanya kazi ndani ya kinanda tu. Kompyuta inarekodi E kavu. Mpigaji anasikiliza rekodi, anasema, "Hii si yangu," na ana haki.

Dawa ni agizo la kupinda sauti, ambalo ni la aina yake, si kontrola. Linakwenda 0 hadi 16383 na katikati yake ni 8192. Kwanza hakikisha upeo wa kupinda ni nusu toni mbili, kwa kutuma mfululizo huu: 101 yenye 0, 100 yenye 0, 6 yenye 2, kisha 101 yenye 127 na 100 yenye 127 ili kufunga mlango. Usipoufunga, kontrola 6 yoyote itakayopita baadaye itageuza upeo wako bila kukuambia.

Sasa hesabu. Kutoka katikati hadi chini kabisa ni hatua 8192, sawa na nusu toni mbili. Robo toni ni robo ya hapo, 2048. Kwa hiyo kabla ya E weka 6144, na baada yake rudisha 8192. Kwa mpigaji wa kanuni au fidla hiyo bado ni kadirio, kwani robo yake haikai sawasawa katikati na hubadilika wimbo ukipanda au kushuka. Anza na 6144, kisha sogeza kwa sikio, mwenye wimbo akiwa pembeni yako.

Agizo hili hupinda chaneli nzima. Ukiweka melodi na kodi (noti zinazopigwa pamoja) kwenye chaneli moja, kodi nazo zitapinda, na utasikia kama kaseti iliyolowa. Melodi ipewe chaneli yake peke yake.

Kila noti inasikika mara mbili.

Kinanda kinalia chenyewe, halafu kompyuta inakirudishia noti ileile. Zima "Local" kwenye kinanda, au tuma kontrola 122 yenye 0. Ukimaliza kurekodi iwashe tena, vinginevyo asubuhi utaitwa kwamba kinanda kimekufa.

Plagini haijali agizo langu la pachi.

Plagini, yaani kinanda cha programu kinachokaa ndani ya programu yako ya muziki, mara nyingi hubeba sauti moja kwa wakati na hupuuza pachi kabisa; sauti unazichagua kwa panya na programu inazihifadhi pamoja na mradi. Zile za VST3, aina mpya ya plagini, pia hazipokei kontrola moja kwa moja kama za zamani. Programu mwenyeji huzigeuza kuwa vitufe vya plagini, kwa hiyo zingine hazifiki. Ukitaka kitu kinachotii pachi na benki kama kinanda, tumia kichezeshi cha SoundFont (faili lililobeba sauti zilizorekodiwa), kwa mfano FluidSynth au kile kilicho ndani ya LMMS, na faili la .sf2 lenye General MIDI.

Nimeunganisha slaida na kitufe cha plagini, lakini nikiigusa sauti inaruka.

Slaida ya mkononi iko 20, kitufe cha kwenye skrini kiko 90. Ukigusa tu, kinaruka hadi 20. Programu kama Ableton Live ina chaguo la kusubiri: hakuna kinachotokea mpaka slaida ipite pale kitufe kilipo. Kuunganisha kwenyewe ni rahisi: kwenye FL Studio bofya kitufe kwa upande wa kulia wa panya, chagua "Link to controller", sogeza slaida. Kwenye Reaper tafuta "Learn".

Nikibonyeza, sauti inachelewa. Waya ni mbovu?

Karibu kamwe si waya. Kebo ya zamani ya pini tano hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, na noti moja hutumia kama milisekunde moja. Mchelewaji ni bafa ya kadi ya sauti, yaani akiba ya sauti inayokusanywa kabla ya kuchezwa. Bafa ya sampuli 1024, kwa sampuli 44,100 kila sekunde, ni milisekunde 23, na bado kuna ya kutoka. Ishushe hadi 128 wakati wa kurekodi. Kwenye Windows tumia dereva ya ASIO. Kuhusu kebo ya USB, kinanda kingi kinatumia ileile ya printa, kwa hiyo kabla ya kwenda Kariakoo kagua nyuma ya printa ya ofisi.

Namtumia mwenzangu faili. Nifanye nini lisiharibike?

Litume kama hati, si kwa kulicheza na kulirekodi kwa simu. Mwandikie kinanda ulichotumia, na kama namba zako za pachi zinaanzia 0 au 1. Ambatisha MP3 ya jinsi linavyotakiwa kusikika, hata ya ubora duni.

MIDI 2.0 itayamaliza haya?

Baadhi. Ilipitishwa mwaka 2020, na ndani yake agizo la pachi linaweza kubeba benki yake humohumo, kwa hiyo ule mchezo wa kabati na nguo unakwisha. Kontrola nazo zina biti 32 badala ya 7, hivyo mwinuko wa sauti hauna ngazi. Lakini inahitaji kinanda, programu na mfumo wa kompyuta vyote viielewe, na vinanda ninavyokutana navyo makanisani bado vina tundu la duara la mwaka 1983, au USB ya printa.